Gari la mkataba limerudishwa, ankara ya uharibifu imekuja: ulipe kipi na upinge kipi

SWALI: Shikamoo. Naishi Birmingham, Uingereza, na kwa miaka 3 nimekuwa na gari dogo nililolikodi kwa mkataba kutoka kampuni ya fedha, kwa jina langu mwenyewe. Mkataba ulipokwisha walituma mtu kulichukua asubuhi na mapema, mvua ikinyesha. Alilizunguka haraka, akanitaka nitie sahihi kwenye kishikwambi chake, akaliendesha na kuondoka. Wiki 3 baadaye nimeletewa ankara ya pauni 1,095: mkwaruzo wa bampa ya nyuma 210, rimu mbili kwa 85 kila moja, mbonyeo wa mlango wa mbele wa kushoto 145, kioo cha mbele 320, doa la kiti cha nyuma 60, na ufunguo wa akiba 190. Bampa naikubali, mkwaruzo wake una urefu wa kiganja. Rimu moja niliikwangua kwenye ukingo wa barabara. Kioo kilipigwa na jiwe mwaka jana upande wa abiria, nikakizibisha kupitia bima, na risiti ninayo. Ufunguo umo kabatini kwangu. Mengine siyajui. Je, kwa kuwa nilitia sahihi, nimekwisha kupoteza haki? Nilipe, nikatae au ninyamaze? Na wanaweza kujikatia fedha hizo wenyewe kutoka akaunti yangu ya benki?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Nianze na lile linalokusumbua zaidi: sahihi yako haijakuondolea haki ya kupinga. Kwa kawaida sahihi inayotiwa wakati gari linachukuliwa huthibitisha kwamba gari limekabidhiwa na kwamba ulikuwapo; mara chache huthibitisha kwamba umekubali kila dosari, na karibu haithibitishi kamwe kwamba umekubali bei. Hata hivyo usiyachukue maneno yangu badala ya karatasi yenyewe. Iombe kampuni nakala ya fomu uliyoitia sahihi, uisome neno kwa neno, uone imeorodhesha nini na imeacha nini, kwa sababu fomu hiyo inaweza kuwa shahidi wako mkubwa kuliko wa kwao.

Ankara ya namna hii haipingwi kwa jumla. Watu wengi huandika barua moja ya hasira wakisema kiasi ni kikubwa mno na gari lilikuwa zuri. Kampuni hujibu kwa barua moja ya upole ikisema ukaguzi ulifanywa na mtaalamu, na mazungumzo huishia hapo. Ankara hupingwa mstari kwa mstari, na kila mstari huulizwa maswali matatu: je, dosari hii imevuka kiwango cha uchakavu wa kawaida, je, kuna ushahidi kwamba ilikuwapo wakati gari likiwa mikononi mwangu, na je, kiasi kinachodaiwa ni cha haki? Mstari ukishindwa swali lolote kati ya hayo, una sababu ya kuupinga.

Kiwango chenyewe hakibuniwi na mkaguzi. Nchini Uingereza kipo chama cha kampuni za kukodisha magari kiitwacho BVRLA, ambacho hutoa mwongozo wa uchakavu wa kawaida wa gari linalorudishwa. Kampuni nyingi kubwa ni wanachama wake, na mikataba mingi huutaja mwongozo huo waziwazi kuwa ndio kipimo. Tafuta katika mkataba wako kifungu kinachozungumzia hali ya gari wakati wa kurudishwa. Ukiona mwongozo huo umetajwa, basi kampuni imejifunga nao kama ulivyojifunga wewe. Tuipitie ankara yako tukiwa nao mkononi.

Bampa kwanza. Mwongozo unavumilia mkwaruzo wa hadi milimita 25, mradi praima (rangi ya msingi iliyo chini ya rangi ya juu) au chuma tupu hakionekani. Kiganja cha mtu mzima kinapita kipimo hicho mara kadhaa, kwa hiyo usipoteze nguvu zako kusema mkwaruzo ni mdogo. Kinachoweza kujadiliwa ni bei. Omba jedwali la bei lililotumika, kwa maana kampuni hizi hutoza kwa jedwali lililopangwa kabla, wala si kwa risiti ya fundi. Kisha upeleke picha za bampa hiyo kwa fundi rangi mmoja au wawili wa mjini kwako wakuandikie makadirio. Wakikuandikia pauni 190 au 200, lipa 210 bila kubishana. Wakikuandikia 110, una hoja ya kuweka mezani.

Rimu ni jambo la kupima kwa makini zaidi. Mikwaruzo ya hadi milimita 50 ikijumlishwa katika mzunguko wote wa rimu moja ya aloi huhesabiwa kuwa uchakavu wa kawaida, lakini uharibifu wowote kwenye spoki au kitovu hauvumiliwi, hata ukiwa mdogo. Wewe umeikubali rimu moja. Mimi ningekushauri usikubali hata hiyo kabla hujaiona picha yake. Kuikwangua rimu kwenye ukingo wa barabara si sawa na kuvuka kipimo, na watu waaminifu mara nyingi hulipa fedha wasizodaiwa kwa sababu tu wanakumbuka siku walipogusa ukingo. Kwa rimu zote mbili omba picha ambayo rula au mkanda wa kupimia unaonekana kando ya mkwaruzo. Picha ya rimu nzima iliyopigwa kwa mbali, ikiwa na duara jekundu lililochorwa juu yake, inaonyesha kwamba kuna alama, lakini haionyeshi kwamba alama hiyo imepita milimita 50.

Mlango ndio mstari ninaouona dhaifu kuliko yote. Mbonyeo wa hadi milimita 15 unakubalika ikiwa rangi haijapasuka na ikiwa si zaidi ya miwili katika bamba moja la bodi. Usiokubalika kwa ukubwa wowote ni ule ulio juu ya paa au juu ya mkunjo mkali wa bodi. Kwa hiyo ankara inayosema tu kwamba kuna mbonyeo mlangoni haijasema kitu. Mibonyeo midogo ni migumu kuipiga picha, ndiyo maana wakaguzi makini hushikilia ubao wenye mistari mbele ya bodi ili mistari ipinde pale palipobonyea. Ukiletewa picha ya mlango unaong’aa bila ubao wala rula, unayo haki ya kuuliza ukubwa huo ulijulikanaje. Tena hukuujua mbonyeo huu kabla, na kama haumo katika fomu uliyoitia sahihi, hapo swali la pili linaingia kwa nguvu.

Nieleze swali hilo la pili kwa kirefu, kwa sababu wengi hawalifikirii. Yapo magari yanayochukuliwa kwa lori, na yapo yanayoendeshwa barabarani mpaka kituo cha ukaguzi, kisha yakaegeshwa katika uwanja wenye mamia ya magari kwa siku kadhaa kabla ya kukaguliwa. Gari lako limeendeshwa. Soma maili zilizoandikwa kwenye fomu ya makabidhiano, kisha tafuta picha ya dashibodi iliyopigwa kituoni. Tofauti ya namba hizo mbili ni safari ambayo wewe hukuwamo. Mlango uliogongwa na mlango wa gari jingine katika uwanja wa kuegesha, jiwe lililorushwa na lori barabara kuu, haya hutokea, na hayawi deni lako kwa sababu tu yalionekana gari lilipofika. Sisemi kwamba kampuni inadanganya. Ninasema kwamba anayedai ndiye anayepaswa kuonyesha, na pengo kati ya saa uliyotoa ufunguo na saa picha ilipopigwa ni lake kulieleza.

Mvua nayo inakata pande zote mbili. Maji juu ya rangi huficha mikwaruzo na mibonyeo, na mwongozo wenyewe unataka gari liwe safi na kavu linapopimwa. Kampuni itasema kwamba ndiyo maana ukaguzi kamili ulifanywa baadaye chini ya taa. Wewe utasema kwamba, basi, ukaguzi uliofanywa mbele yako haukuwa ukaguzi, na kwamba hukupewa nafasi ya kuona wala kukana dosari zilizoongezwa baadaye. Kama una picha au video yoyote ya gari hilo katika wiki zake za mwisho, hata picha ya watoto wakiwa wamesimama kando yake, itafute. Simu huhifadhi tarehe ya kila picha, na mlango mzima ulioonekana siku mbili kabla ya makabidhiano una uzito mkubwa.

Kuhusu kioo, simama imara. Kijitobo au ufa ambao haujazibwa haukubaliki, lakini kijitobo kilichozibwa kitaalamu, kikiwa nje ya eneo la macho ya dereva, kinakubalika. Uingereza dereva hukaa kulia. Tundu lako liko upande wa abiria, yaani kushoto, na lilizibwa na fundi aliyelipwa na bima. Tuma risiti, eleza mahali lilipo, na uombe pauni 320 zifutwe zote. Isipokuwa jambo moja: hakikisha picha yao inaonyesha tundu lile lile. Ikiwa inaonyesha ufa mpya mahali pengine, au ule wa zamani umeendelea kupasuka, hoja inabadilika, na hapo utarudi kwenye fomu ya makabidhiano na maili za safari.

Doa la kiti usilipuuze kwa kuwa ni pauni 60. Mwongozo hauvumilii madoa, lakini unyevu na vumbi linalotoka kwa kusafishwa kwa kawaida si doa. Omba picha, uliza kama kiti kilisafishwa kwanza, basi.

Ufunguo upeleke leo. Utume kwa posta yenye stakabadhi ya kupokelewa, ukiandika namba ya gari na namba ya mkataba, na upige picha ya ufunguo na ya bahasha kabla ya kuifunga. Kisha uandike kwamba ufunguo umerudishwa na uombe 190 zifutwe. Kila siku unayochelewa inawapa nafasi ya kusema kwamba gari limekwisha kuuzwa likiwa na ufunguo mmoja na hasara imekwisha kupatikana.

Ipo hoja moja ambayo karibu kila mwenye ankara kama yako huiona kuwa silaha yake kuu, nayo humwangusha. Husema: gari langu liliuzwa mnadani bila kutengenezwa, sasa wananidai gharama za matengenezo gani? Inaonekana kuwa ya haki, na ninaelewa kwa nini inauma. Lakini kampuni haidai kwa sababu ilimlipa fundi. Inadai kwa sababu gari lenye dosari huuzwa kwa bei ya chini kuliko lisilo na dosari, na makadirio ya matengenezo hutumika kama njia ya kuikisia hasara hiyo. Wasuluhishi wa migogoro hii wamekuwa wakiukubali msingi huo. Kwa hiyo usiijenge barua yako juu yake. Itumie, ukitaka, kuhoji kiasi tu: mkwaruzo wa sentimita chache kwenye gari la miaka 3 hauwezi kupunguza bei ya mnadani kwa kiasi cha bampa mpya, na sheria ya haki za watumiaji ya mwaka 2015 haipendi masharti yanayomtoza mtumiaji fedha zisizolingana na hasara.

Sasa utaratibu. Andika barua pepe moja, kwa Kiingereza kinachoeleweka, na katika mstari wa kwanza useme wazi kwamba haya ni malalamiko rasmi. Maneno hayo yana kazi, kwani yanaifanya barua yako isichukuliwe kuwa maulizo ya kawaida tu, na tangu siku malalamiko yanapopokelewa kampuni ina wiki 8 za kukupa jibu lake la mwisho. Chini yake panga mistari ya ankara mmoja mmoja, na kwa kila mmoja useme unaukubali, unaukataa au unasubiri ushahidi, na kwa nini. Omba fomu ya makabidhiano, ripoti kamili ya ukaguzi, picha zote katika ukubwa wake wa awali, jedwali la bei, na karatasi ya hali ya gari ulipopewa siku ya kwanza, kwa sababu mara nyingine dosari inayodaiwa leo ilikuwapo gari lilipoletwa. Wakivuta miguu, omba kwa mujibu wa sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi wakupe taarifa zote walizo nazo kukuhusu. Kwa kawaida wanapaswa kujibu ndani ya mwezi mmoja bila malipo.

Katika barua hiyo hiyo, toa kulipa unachokikubali. Hii si kulegea. Mtu anayekubali bampa yake waziwazi huaminika anapoukana mlango, na msuluhishi atakayesoma faili yako baadaye ataona ni nani aliyekuwa akitafuta suluhu. Andika kwamba malipo hayo ni ya mstari wa bampa peke yake na hayana maana ya kukubali mistari mingine.

Kampuni ikikataa, au wiki 8 zikipita kimya, una njia mbili. Ya kwanza ni ya BVRLA, ikiwa kampuni ni mwanachama: unaweza kupeleka mgogoro kwenye usuluhishi wa chama hicho. Pia mwongozo unaruhusu mhandisi wa kujitegemea, asiyehusiana na upande wowote, apitie ushahidi ule ule uliotumiwa na kampuni. Wewe ndiye unayemlipa kwanza, uamuzi wake unazifunga pande zote mbili, na akikupa haki kampuni inakurudishia gharama yake. Kwa ankara ya pauni 1,095 nisingekushauri uanzie hapo, maana ukishindwa umejiongezea gharama na umejifunga.

Ya pili, ambayo ningeichagua mimi kwa hali yako, ni Financial Ombudsman Service, taasisi ya usuluhishi wa migogoro ya huduma za fedha. Haikutozi chochote. Baada ya kupata jibu la mwisho la kampuni una miezi 6 ya kuifikia, na usiiache ipite. Katika malalamiko ya aina hii taasisi hiyo huutazama mwongozo wa BVRLA kuwa kipimo cha desturi nzuri, huzitazama picha, na huuliza kama kiasi ni cha haki; mara kwa mara huamua nusu kwa nusu, ikiacha mistari iliyothibitishwa na kufuta ile ambayo picha zake hazionyeshi kitu. Ukiukubali uamuzi wa mwisho wa msuluhishi, kampuni imefungwa nao. Usipoukubali, bado mlango wa mahakama uko wazi kwako. Kama Kiingereza cha maandishi kinakupa tabu, waeleze mapema na uombe msaada wa lugha.

Njia hii inakufaa kwa kuwa mkataba ni wako binafsi. Kama ungekuwa umekodi kwa jina la kampuni yako yenye dhima ya kikomo, kinga nyingi za sheria ya mikopo kwa watumiaji ya mwaka 1974 zisingekugusa. Na kama mkataba wako ungekuwa wa kununua kwa awamu, ukarudisha gari kabla ya wakati baada ya kufikisha nusu ya bei yote, kipimo kingekuwa kile cha sheria hiyo, yaani kama ulilitunza gari kwa uangalifu wa kawaida.

Umeuliza pia kuhusu kunyamaza. Tafadhali usinyamaze. Deni lililokanushwa kwa maandishi na deni lililopuuzwa hayatendewi sawa. La pili linaweza kuuzwa kwa wakusanya madeni, likaingia kwenye rekodi yako ya mikopo, na mwishowe likafika mahakamani. Kabla ya kukushtaki kampuni inapaswa kukutumia barua ya onyo na kukupa siku 30 za kuijibu. Zikija karatasi za mahakama zenyewe huko England, muda wa kujibu ni siku 14 tu, unaoongezeka hadi 28 ukikiri kwanza kwamba umezipokea. Hukumu inayotolewa kwa sababu hukujibu, usipoilipa yote ndani ya mwezi mmoja, hubaki kwenye rekodi kwa miaka 6, na hapo hata kupanga nyumba kunakuwa kazi. Nimeona watu wenye hoja nzuri kuliko yako wakishindwa kwa sababu bahasha ilikaa mezani bila kufunguliwa.

Na juu ya akaunti yako ya benki: ikiwa idhini ya makato uliyoitoa wakati wa mkataba bado iko hai, wanaweza kujaribu kuitumia, lakini wanatakiwa kukuarifu kabla kiasi na tarehe ya makato. Angalia kwanza kama malipo yako ya mwisho ya kodi yamekwisha kukatwa. Kama yamekatwa, futa idhini hiyo kupitia benki yako na uiarifu kampuni kwa barua pepe kwamba umeifuta kwa sababu ankara ina mgogoro na kwamba uko tayari kulipa sehemu usiyoipinga kwa njia nyingine. Kama kodi ya mwisho bado, usiifute, usije ukaongeza deni halisi juu ya lile unalolikana. Wakikata bila kukuarifu, benki yako inapaswa kukurudishia fedha hizo, ila kurudishiwa na benki hakufuti madai yenyewe. Mistari ile ya ankara bado utahitaji kuijibu mmoja mmoja.